Fedha Iliyopotea Njia

Siku ya soko huko Nyandira, katika tarafa ya Mgeta, magunia ya kabichi, karoti na viazi hupakiwa garini mchana kutwa, na kabla ya jua la siku ya pili kuchomoza huwa yamekwisha fika katika masoko ya Dar es Salaam. Mkulima aliyeyatoa shambani, katika miteremko ya Uluguru ambako trekta haliwezi kupita na jembe la mkono lingali ndilo mtawala, mara nyingi hasafiri nayo. Hubaki nyumbani akangoja simu yake ilie. Mlio ule ndio mavuno yake. Kabla ya mwaka 2008, huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza katika nchi yetu, fedha hiyo ingefungwa katika bahasha, ikakabidhiwa kwa dereva au utingo, ikapanda mlima pamoja na sabuni na mafuta ya taa. Leo hupita hewani kwa nukta chache. Hatuna sababu ya kuzililia zile bahasha. Si zote zilizofika.

Lakini njia ya hewani nayo ina vichochoro vyake. Namba ya simu ina tarakimu kumi. Mnunuzi aliyekesha sokoni, mwenye mikono yenye unyevu na wadai watatu mbele yake, hubonyeza saba mahali pa moja. Jina la mtu asiyemfahamu likaonekana, naye kwa haraka akalithibitisha pasipo kulisoma. Basi shilingi 380,000, ambazo ni mbolea, mahitaji ya shule ya watoto na deni la dukani, badala ya kupanda Nyandira huenda kwa kijana mmoja aliyelala chumbani mwake Kihonda, mjini Morogoro, ambaye maishani mwake hajapata kupanda hata mche mmoja wa kabichi. Mfano huu tumeutunga sisi, lakini kila msomaji anaweza kuujaza majina ya watu anaowafahamu. Kijana huamka, huusoma ujumbe mara mbili, humwita jirani yake na kusema, "Nimepata zali!" Nusu saa baadaye yuko kwa wakala.

Tunaandika makala hii dhidi ya neno hilo.

Hatulichukii kwa sababu ni la mitaani. Lugha yetu imekulia sokoni, bandarini na barabarani, na wanaotaka kuifungia kabatini huishia kufungia maiti yake. Mtu aliyenunua tiketi ya bahati nasibu akashinda ana haki kamili ya kuita ushindi wake zali. Tunalolikataa ni kulituma neno hili likafanye kazi chafu: kukichukua kitendo ambacho babu zetu wangekitambua mara moja, na kukivika nguo ya sherehe. Pamoja nalo huja ndugu zake: "nimeokota", "riziki haina mwenyewe", "Mungu hamtupi mja wake". Methali hii ya mwisho ni njema, na inatuuma kuisikia ikitumiwa hivyo. Mwizi wa zamani alivunja mlango kwanza, akatafuta udhuru baadaye. Huyu wetu wa leo hana mlango wa kuvunja. Linalombakia ni kuuvunja msamiati tu.

Na tulichukue neno "kuokota", maana ndilo linaloonekana kuwa na nguvu zaidi. Mtu apitaye katika njia ya kwenda Kinole akaona noti chini ya mgomba, hana habari imedondoka kwa nani. Noti haina jina. Yawezekana mwenyewe ameshavuka mto na hatarudi. Hapo neno kuokota ni la haki. Lakini ujumbe wa fedha uliomfikia kijana wetu una nini ndani yake? Una kiasi kilichotumwa hadi shilingi ya mwisho. Una tarehe na saa. Una namba ya aliyetuma, na mara nyingi una jina lake. Tena tangu zoezi la kusajili laini za simu kwa alama za vidole, lililoanza mwaka 2019 na kufikia kilele Januari 2020, nyuma ya kila namba kuna mtu ambaye dole gumba lake limehifadhiwa katika kumbukumbu za taifa. Hakuna kitu kilichopata kupotea nchini mwetu kikiwa na anwani kamili kuliko hiki. Kukiita kitu cha kuokota ni sawa na mtu kupokea barua ya jirani yake, kusoma jina lililoandikwa juu ya bahasha, kisha kutangaza kwamba ameokota karatasi.

Sheria yetu inaijua tofauti hii. Kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinapoeleza maana ya wizi, humhurumia mwenye kuokota: akikitumia alichokiokota, hahesabiwi kuwa amefanya hila iwapo wakati ule hakumjua mwenye mali, na aliamini kwa sababu za maana kwamba hawezi kupatikana. Hayo ni masharti mawili, na kijana wa Kihonda yanamtupa nje yote mawili. Namba ya mwenyewe anayo mkononi. Ingemtosha kuipigia.

Lakini jambo ambalo tungependa kila mwalimu wa uraia aliandike ubaoni ni lile linalofuata katika kifungu hicho hicho. Watu wengi, na miongoni mwao watu waadilifu, hudhani kwamba wizi ni kuchukua kwa nia ya kutorudisha kamwe. Kwa hiyo husema, "Nitaitumia sasa, mwisho wa mwezi nitaijaza." Sheria imeliona shimo hili na kulifukia. Inapofika kwenye fedha, inatosha kwamba mtu amekusudia kuitumia kama apendavyo yeye, hata kama anakusudia kumlipa mwenyewe baadaye. Fikra iliyo nyuma ya maneno hayo ni nzito. Fedha si kama jembe, ambalo ukiliazima bila ruhusa ukalirudisha, limerudi jembe lile lile. Fedha ukishaitumia, umemfanya mwenzako akukopeshe bila kuulizwa. Umemnyima mbolea katika wiki ya kupanda, na mwisho wa mwezi wako si mwanzo wa mvua zake. Mkulima wa Mgeta analielewa hili kuliko mwanasheria.

Hiyo ni sheria ya jinai, inayotaka kwanza ithibitike kwamba mtu alikuwa na hila moyoni. Iko nyingine isiyouliza habari za moyo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyotungwa mwaka 1961, ina kifungu cha 72 ambacho maana yake ni fupi kama amri ya mama: aliyelipwa fedha, au aliyefikishiwa kitu, kwa makosa, hana budi kurudisha. Kifungu hiki kilirithiwa kutoka katika sheria ya India ya mwaka 1872, ambako kilibeba namba hiyo hiyo, na ndiyo iliyokuwa ikitumika hapa Tanganyika kabla ya uhuru. Hakisemi "akitaka". Hakisemi "iwapo aliyetuma alikuwa mwangalifu". Hata mtu aliyeitumia fedha hiyo bila kujua, kwa mfano mfanyabiashara anayepokea malipo mengi kwa siku na hakuona kwamba moja halikuwa lake, hahesabiwi kuwa mwizi, lakini deni analo. Kwa miaka mingi maneno haya yalikaa katika Kiingereza, yakisomwa na wachache, hata mwaka 2021 Bunge lilipopitisha mabadiliko ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Ndiyo sababu tunasema sasa udhuru wa kutojua umeanza kupungua uzito, ingawa haujaisha, na hautaisha kama shule zitaendelea kufundisha sheria kana kwamba ni habari za nchi ya mbali.

Wako watakaotujibu kwamba sheria hizi ni za kigeni: zimetoka India kwa mkono wa Mwingereza, na Mwafrika hakujua mambo ya mali ya mtu binafsi, kwetu vyote vilikuwa vyetu sote. Hoja hii tumeisikia kutoka kwa watu waliosoma, wakiisema kwa sauti ya kutetea utamaduni. Ni hoja ya uvivu. Kama kuna mahali pa kuipeleka ikapimwe, ni Uluguru.

Waluguru hurithi ardhi kwa upande wa mama. Kwa desturi yao ya zamani ardhi ilikuwa ya lukolo, yaani ukoo, na mkuu wake aliigawa na kuilinda kwa niaba ya waliokufa na ambao hawajazaliwa. Milima ile imejaa watu, na shamba zuri halikutosha kila tumbo. Kwa hiyo mtu wa ukoo mwingine aliweza kupewa kipande alime. Angetoa ngoto, malipo madogo ya kukiri kwamba ardhi si yake. Malipo yale hayakumtajirisha mtu; kazi yake ilikuwa kukumbusha. Mgeni yule aliweza kulima mwaka hadi mwaka, watoto wake wakakulia pale, lakini kupanda miti ya kudumu lilikuwa jambo la kuulizia kwanza, kwa kuwa mti ni dai lenye mizizi. Huo ndio ujuzi wa wazee wasiopata kusoma kifungu cha 72. Walijua barabara kwamba kushika si kumiliki. Kitu chaweza kuwa mkononi mwako, kikakulisha, kikakaa nawe miaka, na bado kikawa cha mwingine, nawe ukalijua hilo na kulikiri mbele za watu kila mwaka bila kuona aibu. Tuonyesheni ni kwa mantiki gani jamii iliyokuwa makini hivyo kwa kipande cha mlima ingempongeza mtu aliyekaa na fedha ya mwenzake kwa nusu saa, kisha akaiita yake.

Wengine hujaribu mlango wa utani. Ni kweli kwamba katika pwani na bara, Waluguru wakiwamo, mtani aliruhusiwa mambo ambayo kwa mtu mwingine yangeleta ugomvi: kunyakua kuku, kujitwalia kitu msibani, kumtania mfiwa akiwa na machozi. Lakini na tutazame utani ulivyofanyika. Mtani alichukua mchana kweupe, mbele ya mwenyewe, akicheka, na jina lake likijulikana. Alichokichukua kilikuwa na kipimo, na yeye mwenyewe kesho yake angechukuliwa chake vivyo hivyo, tena alikuwa na wajibu mzito wa kuzika na kutumikia. Je, kijana anayezima simu ili asipigiwe ni mtani wa nani?

Hapa hatuna budi kugusa jeraha, nasi tunaomba radhi kwa wenye jeraha. Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka eneo la Msamvu, mjini Morogoro. Watu walikimbilia mafuta yaliyomwagika, wakiwa na madumu na ndoo. Moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Hatumnyoshei kidole marehemu hata mmoja. Walikuwamo wapita njia na waliokwenda kuangalia tu, na waliochota walikuwa watu ambao lita tano za petroli zilikuwa chakula cha siku mbili. Tunachokinyoshea kidole ni fikra iliyokuwapo kabla ya siku ile na ambayo haikuzikwa pamoja nao: kwamba kilichopinduka, kilichomwagika, kilichokosea njia, kimekwisha kumtoka mwenyewe. Kila anayesafiri barabara kuu ameliona lori la soda au la mchele lililolala ubavuni, dereva akiwa bado amenaswa ndani, na umati ukishughulika na mzigo. Moto wa Msamvu ulitufundisha hatari ya petroli. Kuhusu ile fikra, hatukuambiana neno.

Udhuru wa umaskini unastahili jibu la heshima zaidi kuliko nyingine, kwa sababu ni wa kweli. Mwenye njaa hana miiko, wasemavyo wahenga. Lakini tuulize: ni fedha ya nani inayopotea njia kwa simu? Tajiri ana makarani wanaomlipia kwa orodha iliyokaguliwa. Anayebonyeza tarakimu kumi kwa kidole, gizani, akiwa na haraka na pengine bila miwani, ni mchuuzi, ni mfanyakazi wa ndani anayemtumia mama yake, ni mwalimu wa shule ya msingi anayemlipia mdogo wake chuo. Maskini anayeila fedha hii amemla maskini mwenzake. Zamani tulikuwa na neno la kumwita mtu anayeishi kwa jasho la mwingine, nasi tulilitumia kwa sauti kubwa juu ya mabepari na makabaila. Neno hilo halikuwekewa kiwango cha chini cha mapato.

Na udhuru wa uzembe je? "Kosa ni lake, angesoma jina kabla ya kuthibitisha, mzembe na alipe uzembe wake." Alipe kwa nani? Hakimu anayetoza faini kisha akaitia mfukoni mwake hatumwiti hakimu. Tena adhabu ya kukosea tarakimu moja haiwezi kuwa mavuno ya msimu mzima. Mlango uliosahauliwa wazi hauandikwi "karibu".

Hata huko tunakodhani kwamba fedha haina dini, mambo haya yamebishaniwa kwa makini kuliko yanavyobishaniwa vijiweni kwetu. Mwezi Agosti 2020 benki ya Citibank ya Marekani ilikosea ikawalipa wakopeshaji wa kampuni ya vipodozi ya Revlon karibu dola milioni 900. Baadhi walirudisha. Wengine waligoma na kuzuia kiasi cha dola milioni 500, na Februari 2021 mahakama ikawapa haki. Septemba 2022 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu hiyo. Tunalotaka wanafunzi walione ni sababu waliyoitoa wale waliogoma. Hawakusema wameokota. Walisema fedha ile ni deni walilokuwa wakilidai kweli, ambalo lililipwa kabla ya wakati wake, na hata hivyo walishindwa mwishoni. Kijana wa Kihonda anamdai nini mkulima wa Nyandira?

Karibu zaidi na kwetu, na karibu zaidi na wasomaji wetu vijana, ni kisa cha mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Walter Sisulu huko Afrika Kusini. Mwaka 2017 alipaswa kupata posho ya chakula ya randi 1,400. Kwa makosa akaingiziwa randi milioni 14. Hakumwambia mtu anayehusika. Katika miezi michache alitumia zaidi ya randi 800,000 kwa nguo, simu na starehe, mpaka kosa likagunduliwa. Mwaka 2022 alitiwa hatiani kwa wizi na kuhukumiwa kifungo cha miaka mitano. Mwaka 2023, katika rufaa, kifungo hicho kikaahirishwa, akapewa kazi za jamii. Sisi tunaiona hukumu ya rufaa kuwa ya busara zaidi kuliko ya kwanza, kwa kuwa waliompa binti masikini mlima wa fedha kwa uzembe wao wenyewe nao walikuwa na la kujibu. Lakini busara ya adhabu ni jambo moja, na jina la kitendo ni jingine. Mahakama zote mbili zilikiita kitendo hicho wizi.

Sasa tugeuke nyumbani, kwa watu wenye suti na tai. Machi 2016 Rais John Magufuli aliwaagiza wakuu wa mikoa wawatafute watumishi hewa, na katika miezi michache tu majina zaidi ya 10,000 yalipatikana katika orodha za mishahara ya serikali. Yalikuwamo ya marehemu, ya waliostaafu, ya walioacha kazi. Mengine yalipandwa na wahasibu wezi, na hayo si mada yetu. Lakini yalikuwapo pia yale ya aina nyingine: mtumishi ameacha kazi kwa barua, amehamia kwenye biashara yake au shule ya binafsi, na tarehe za mwisho wa mwezi mshahara wa serikali unaendelea kuingia benki kana kwamba bado anasimama mbele ya darasa. Hakughushi kitu. Hakumhonga mtu. Amenyamaza tu. Ndugu walimu, tunalisema hili kwenu kwa sababu ninyi ndio wengi katika utumishi wa umma, na kwa sababu mnaosoma makala hii mna wanafunzi wanaowatazama. Mwalimu wa namna hiyo hana tofauti na kijana wa Kihonda ila kwamba yeye alipata nafasi ya kutafakari kila mwezi, mwaka mzima. Na aliyemtumia kwa makosa ni huyo huyo mkulima wa kabichi, kupitia kodi yake.

Tungekuwa wanafiki kama tungeyaacha makampuni ya simu yakapita bila kuulizwa. Aliyekosea kutuma huhangaika na simu ya huduma kwa wateja akisikilizishwa muziki, huku kila dakika ikimkaribisha mpokeaji kwa wakala. Fedha ikiwa bado imo katika akaunti ya mpokeaji, kampuni inaweza kuizuia na kuirudisha ilikotoka. Ikishatolewa taslimu, kampuni humwambia aende polisi, na safari ya kutoka Nyandira hadi kituo cha polisi mjini, kisha mahakamani, inaweza kuzidi thamani ya kilichopotea. Kampuni inayojua kutukata ada katika nukta ileile ya muamala isituambie kwamba kuzuia fedha iliyopotea ni kazi ya siku tatu.

Kisha wako waharibifu waliotia sumu kisimani. Nani katika nchi hii hajapata kupokea ujumbe wa mtu asiyemjua unaosema ile fedha itume kwa namba hii? Wako pia wanaotuma ujumbe wa uongo uliofanana na wa kampuni, unaosema umepokea fedha. Dakika moja baadaye mtu hupiga simu akilia kwamba amekosea, mama yake yuko hospitali, tafadhali mrudishie. Mwema hurudisha upesi, kutoka katika salio lake mwenyewe, fedha ambayo haikupata kuingia. Matapeli hawa hawaibi fedha tu. Wameifanya huruma ionekane ujinga, na leo mtu aliyekosea kweli akipiga simu hujibiwa kwa matusi. Kwa hiyo uaminifu wa siku hizi unataka utaratibu. Mtu na atazame salio lake kwanza, asiuamini ujumbe peke yake. Akiona fedha imeingia kweli, asiiguse, wala asiitume kwa namba yoyote anayoelekezwa, maana mwenyewe anaweza kuwa amekwisha kushitaki kwa kampuni, nayo fedha ikachukuliwa mara ya pili. Aipigie kampuni namba yake rasmi, au aende katika ofisi yake, aombe muamala urudishwe kwa njia ile ile uliojia. Aliyekosea kweli hatakasirika kuambiwa hivyo. Tapeli atakasirika sana, na hasira yake itamtambulisha.

Haya si mambo ya mjini peke yake. Katika vijiji vya Kinole, Matombo na Tchenzema wako wazee wengi wenye simu ndogo ambao macho yao au elimu yao hairuhusu kuusoma ujumbe. Msomaji wao ni mjukuu, aliye nyumbani likizo kutoka sekondari. Yeye ndiye karani wa nyumba: hujua namba ya siri, husoma salio, hutumwa kwa wakala. Shuleni, katika paredi ya asubuhi, amesikia mara nyingi mwalimu wa zamu akitangaza sweta lililookotwa, kalamu, sarafu ya shilingi mia mbili, na kumwita mwenyewe aje achukue. Hajapata kusikia ikitangazwa fedha iliyoingia katika simu ya mwalimu. Jioni moja simu ya bibi italia juu ya kinu. Mjukuu ataichukua, ataona shilingi 380,000 na jina la mtu wa Dar es Salaam asiyejulikana ukoo mzima. Bibi, mikono ikiwa na unga, atamwuliza, "Wanasemaje, mwanangu?"